Kiatu cha Uluguru: Tukichague kwa Mguu na kwa Njia

Mji wa Morogoro umeketi chini ya Milima ya Uluguru, na kila aishiye humo huamka akiitazama. Siku za mapumziko, baada ya Swala ya Alfajiri, wapo vijana wetu, wa vyuoni na wa majumbani, wanaoipanda njia ya Morningside kwa mbio. Ni jambo la kupongezwa. Mwili ni amana, na Mtume wetu Muhammad (SAW) ametufundisha kuwa mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Katika mapokezi ya Abu Dawud tunasoma kuwa Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (RA). Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na mara nyingine, baada ya muda kupita, Mtume (SAW) akamshinda yeye. Mbio si mgeni katika nyumba ya Kiislamu.

Mgeni ni swali linalofuata mbio hizo nyumbani: kijana huyu tumnunulie raba gani? Yeye ameshaona moja yenye rangi za kuvutia na nembo ya kampuni kubwa. Baba anaona bei, na anajua kuwa fedha hiyo hiyo inasubiriwa na ada ya shule na unga. Mama anaogopa mguu kuteguka mlimani, mbali na gari na hospitali. Wote watatu wana hoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa kiatu cha mlimani huchaguliwa kwa mambo mawili, mguu wa mvaaji na njia atakayoipita, na kwamba Muislamu analo la tatu la kutazama, nalo ni twahara.

Njia inadai nini

Morogoro mjini tupo kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Morningside, penye jengo la zama za Wajerumani, ni kiasi cha mita 1,300. Basi mwenye kufika huko amepanda karibu mita 800, na mita hizo hizo atazishuka. Wakati wa kupanda, kinachojaribiwa ni pumzi. Wakati wa kushuka, kinachojaribiwa ni kiatu: uzito wote husukumwa mbele, vidole hugonga ncha ya raba, na kila hatua huomba ardhi imshike mtu. Wengi huanguka wakirudi, miguu imechoka na akili imeshatangulia nyumbani.

Ardhi yenyewe hubadilika kwa msimu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa mfinyanzi hugandamana na soli mpaka raba ikawa nzito na laini chini kama kigae. Wakati wa kiangazi, changarawe hulala juu ya ardhi ngumu, na mkimbiaji huwa kama mtu akanyagaye kunde zilizomwagika sakafuni. Anayeendelea hadi kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, huingia msituni penye mizizi na majani yenye maji. Upande wa mashariki wa milima, kuelekea Kinole na Tegetero, mvua huweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na utelezi huko hausubiri masika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuigeuza raba na kuitazama chini. Raba ya barabarani ina soli iliyo karibu tambarare. Ni nzuri kwa lami, na mlimani huteleza. Raba ya mlimani ina meno. Kwa njia kavu na yenye mawe, meno ya milimita 3 hadi 4 yanatosha. Kwa matope yanahitajika ya milimita 5 au zaidi, tena yaliyoachana, ili udongo udondoke badala ya kujazana katikati yake. Vijana wengine hudhani njumu za mpira wa miguu zitafaa, kwa kuwa nazo zina meno. Hazifai. Meno yake ni machache na magumu, yametengenezwa kwa ajili ya nyasi, na juu ya mwamba huteleza vibaya.

Jambo la pili ni maji. Viatu vinavyotangazwa kuwa havipitishi maji huvutia sana, lakini mwenye kuvuka kijito maji humwingilia kwa juu, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kwa joto letu na vijito vyetu, raba ya kitambaa cha wavu, inayoingiza maji na kuyatoa upesi, ni bora na mara nyingi ni rahisi zaidi.

Mguu kwanza

Mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma akiwa peku, kwa sababu viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena, safari hii amevaa viatu. Wengine humtaja Bikila kuthibitisha kuwa kiatu hakina maana. Sisi tunaona somo jingine: kiatu kisichomkaa mtu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, na kinachomkaa hakimzuii kushinda.

Watu waliokua wakitembea peku au kwa kandambili huwa na nyayo pana mbele, vidole vimeachana. Ndivyo ilivyo miguu ya wengi wetu. Raba nyingi zilizochongoka mbele hazikukusudiwa mguu huo, na kijana akilazimisha hupata malengelenge, kisha kucha nyeusi, kisha chuki ya mbio. Tafuta raba pana mbele, yenye kushika kisigino nyuma.

Upimaji ufanywe jioni, kwani mguu huvimba kidogo kwa shughuli za mchana, kama utakavyovimba mlimani. Simamisha mguu juu ya karatasi, uchore pembeni yake, kisha pima miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana. Nunua kwa kufuata ule mkubwa. Usiitegemee namba iliyoandikwa, kwa kuwa 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Vaa na soksi utakazokimbilia. Baada ya kufunga kamba, upana wa kidole gumba cha mkono ubaki kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya raba. Kisha shuka ngazi au mteremko wowote ulio karibu na duka. Kama vidole vinagonga mbele hapo, Morningside vitaumia.

Yapo mengine mawili ambayo muuzaji hayataji. Soli ya raba nyingi za barabarani ni nene kisigino kuliko mbele kwa milimita 10 au 12. Za mlimani mara nyingi tofauti ni milimita 4 hadi 8, na hilo humsaidia mtu kuihisi ardhi. Lakini aliyezoea kisigino kirefu asihame ghafla. Misuli ya nyuma ya mguu huhitaji majuma kadhaa kuzoea. La pili ni tundu la mwisho la kamba, lile la juu kabisa ambalo wengi huliacha wazi. Likitumika, hukaza kisigino na kuzuia mguu kuteleza mbele wakati wa kushuka.

Kwa mabinti zetu tunaongeza neno. Stira haizuii mbio, ila vazi refu na kamba inayoning'inia havipatani. Vazi liwe pana lenye kuruhusu hatua, lisifike chini ya kifundo cha mguu, na suruali pana na soksi zikamilishe sitara. Ncha za kamba zichomekwe ndani.

Raba za mtumba

Familia nyingi zitanunua mtumba, na hakuna aibu katika hilo. Raba nzuri iliyotumika ni bora kuliko mpya ya kuigiza. Ila mtumba una siri zake. Iweke raba juu ya meza na uitazame kwa nyuma: ikiinama upande mmoja, imeshachukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na itamlazimisha mwanao kuufuata. Bonyeza sponji ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu, au imejaa mikunjo, imekwisha hata kama juu inang'aa. Ikunje mbele uone kama gundi inaachia. Mwisho tazama meno ya soli. Raba ya kukimbilia huhesabiwa kudumu kwa kilomita 500 hadi 800. Iliyotumika haina ahadi hiyo, basi bei yake nayo isiwe kama ya mpya.

Ngozi na twahara

Hapa ndipo Muislamu anapotakiwa kuwa mwangalifu zaidi ya wanunuzi wengine. Baadhi ya viatu, vya michezo vikiwemo, hutumia ngozi ya nguruwe, hasa kwenye bitana ya ndani au kwenye vipande vilivyokwanguliwa vikawa laini kama mahameli. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ngozi hiyo haitwahariki kwa kudabaghiwa. Njia ya kuitambua ni kuitazama kwa makini kwenye mwanga: vitundu vya manyoya ya nguruwe hukaa vitatu vitatu, mfano wa mafiga. Viatu vipya vilivyoandaliwa kwa soko la Ulaya huwa na alama: umbo la ngozi ya mnyama humaanisha ngozi, mfano wa kitambaa kilichofumwa humaanisha nguo, na umbo la almasi humaanisha kitu kingine kama plastiki. Alama ya ngozi haisemi ni ya mnyama gani. Kwa hiyo lililo salama ni kuchagua raba ya kitambaa na plastiki tupu. Kwa bahati njema nyingi za mlimani ndivyo zilivyo. Aliyekwisha kununua na akaingiwa na shaka amwendee sheikh wake.

Linalofuata ni udhu njiani. Wapo wanaodhani raba inatosha kupakwa maji kama khufu. Sharti la khufu ni kufunika mguu pamoja na vifundo vyake, na raba za kukimbilia huishia chini ya vifundo. Basi zivuliwe, miguu ioshwe. Humo mna faida: mwenye kuvua raba huona lengelenge lingali dogo.

Na tukumbuke yaliyopokewa kuwa Mtume (SAW) alivivua viatu vyake akiwa ndani ya swala, baada ya Jibril (AS) kumjulisha kuwa vina uchafu, na akawaelekeza Masahaba kuvitazama viatu vyao kabla ya kuingia msikitini. Njia za Uluguru hupitwa na mbuzi na ng'ombe, na meno marefu ya soli huficha mengi. Sugua soli kwa brashi na maji mara ufikapo nyumbani, toa soli ya ndani, na uanike kivulini; jua kali na moto huua gundi.

Kwa mwenye fedha ya kitu kimoja tu, mpangilio wetu ni huu: kwanza ukubwa unaofaa, pili meno ya soli, tatu twahara ya malighafi isiyo na shaka, na nembo iwe ya mwisho. Raba ya namna hiyo ikitunzwa, kijana atashuka kutoka Morningside kwa miguu yake mwenyewe, na fedha ya unga itabaki salama. Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi vijana wetu wapandapo na washukapo. Amin.