Lori Moja Likihesabiwa Mara Nne

Lori la viazi linalotoka Njombe kwenda Dar es Salaam hupita mizani ya Makambako, ya Wenda mkoani Iringa, ya Mikese ukishaipita Morogoro, kisha ya Vigwaza mkoani Pwani. Mtu akijumlisha takwimu za vituo hivyo bila kulinganisha namba za magari, lori moja limeshakuwa manne, na viazi vilivyosafirishwa vimezidi vilivyovunwa. Tumezoea kulalamika kwamba takwimu za mizigo hazipo. Nyingi zipo, ila kila taasisi imezifungia kwenye kabati lake.

Mizani iliwekwa kulinda lami, na kwa kazi hiyo takwimu zake hazina mbadala. Majaribio yaliyofanyika karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, mzigo umezidi kwa asilimia 20 tu, lakini madhara kwa barabara yamekuwa zaidi ya maradufu. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuishia kwenye ukomo wa tani 56 kwa gari zima; inaweka kikomo kwa kila ekseli pia. Lori linaweza kuwa halali kwa jumla, kumbe wapakiaji wamerundika magunia yote nyuma.

Mpangaji wa usafirishaji, hata hivyo, ana swali jingine: mzigo gani, umetoka wapi, unakwenda wapi? Kwa mizigo ya nje jibu lipo, maana forodha inautaka ushuru wake. Kontena linalotoka Mombasa kwenda Kampala au Kigali hufungwa lakiri ya kielektroniki na kufuatiliwa njia nzima. Hata hapo usiridhike na wastani wa siku za safari. Malori machache yaliyokwama mpakani wiki nzima huuvuta wastani juu, na dereva aliyepitia nyumbani kusalimia watoto naye huongeza saa zake. Afadhali utazame muda wa lori la katikati, lile ambalo nusu ya mengine yalilitangulia na nusu yakalifuata.

Mizigo ya ndani ndiyo giza. Stakabadhi za ushuru wa mazao zingesaidia, lakini tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja unavuka halmashauri bila kulipiwa ushuru huo. Ni nafuu kubwa kwa mkulima, siipingi. Ila kirikuu za vitunguu na mahindi zimetoweka kwenye vitabu. Ukiamua kuhesabu magunia, unakutana na lumbesa: gunia moja, uzito wa gunia na nusu.

Marekani wao humuuliza anayetuma mzigo. Tangu 1993, takribani kila baada ya miaka mitano, ofisi ya sensa hudodosa viwanda na maghala: umetuma nini, kizito kiasi gani, kwenda wapi. Kujibu ni lazima kisheria, na siri ya mfanyabiashara inalindwa kisheria vilevile. Bado mashamba hayamo kwenye dodoso hilo, na mazao yakitoka shambani hukadiriwa kwa njia nyingine. Kwetu, ambako shehena nyingi huanzia shambani kwa dalali, kuiga dodoso hilo kama lilivyo kungeacha nje sehemu kubwa ya mzigo.

Ningeanza na namba ya gari. Igeuzwe kuwa msimbo usiomtaja mwenye gari, kisha rekodi za vituo vyote ziunganishwe kwa msimbo huo. Kazi hiyo haihitaji mtambo mpya. Halafu, wiki moja wakati wa mavuno na nyingine wakati wa masika, dereva aliye kwenye foleni ya mizani aulizwe maswali machache, na anayeuliza asivae sare, la sivyo atajibiwa kama anavyojibiwa askari. Aulizwe na safari ya kurudi. Lori linalorudi tupu halionekani kwenye hesabu ya tani, lakini limo kwenye foleni ya magari ya Kimara, Dar es Salaam, na dizeli yake imeshaingizwa kwenye nauli aliyotozwa mwenye viazi.