Je, Wajua? Usiku Mmoja wa Mwezini ni Wiki Mbili

Salgaa giza likiingia, malori hujipanga kando ya barabara ya Nakuru–Eldoret, na taa za sola huwaka vibandani. Betri ndogo yatosha kufikisha asubuhi, maana hapa karibu na ikweta usiku ni saa 12 tu. Mwezini usiku mmoja ni takriban siku 14 zetu, na baridi hushuka hadi nyuzi 130 chini ya sifuri, hata zaidi. Betri za kuvusha kituo kizima cha wanaanga muda huo zingekuwa shehena nzito mno kwa roketi.

Mvuke wa ardhini nao haupo kule kama ulivyo Menengai, au Olkaria ambako ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Kwa hiyo wapangaji wa kituo wameelekeza macho kwenye vilele vya ncha ya kusini ya mwezi, ambavyo hupata jua sehemu kubwa ya mwaka. Paneli za sola zitasimama wima, kwa sababu jua huko huambaa upeoni.

Njia nyingine ni nyuklia. Mwaka 2022 NASA ilitoa kandarasi za kusanifu mtambo wa kilowati 40. Na nyuklia si ngeni mwezini: Novemba 1969, mwanaanga Alan Bean wa Apollo 12 alipotaka kuchomoa fueli ya plutoni ya jenereta kutoka kasha lake, ilikwama. Mwenzake Pete Conrad akaligonga kasha kwa nyundo, kama afanyavyo dereva yeyote wa Salgaa nati ikigoma, ikatoka. Jenereta hiyo ilitoa wati 70 hivi, usiku na mchana, na vyombo ilivyovilisha vikafanya kazi hadi vilipozimwa mwaka 1977.