Nafasi katika Majina ya Faili za Kompyuta

Katika maandishi ya Kiswahili nafasi hutenga neno na neno. Katika kompyuta nafasi hiyo si utupu, bali ni herufi yenye namba yake, yaani 32 katika orodha ya ASCII iliyotolewa mwaka 1963. Kwa hiyo yaweza kuwa sehemu ya jina la faili. Lakini ndiyo itengayo pia sehemu za amri, na hapo ndipo matata huanzia.

Mifumo ya kompyuta haikulingana katika jambo hili. MS-DOS ya mwaka 1981 iliweka mpaka wa herufi nane za jina na tatu za kiishio, na kwa kawaida nafasi haikutumika. Macintosh ya mwaka 1984 iliikubali nafasi tangu mwanzo. Windows iliikubali kwa wote katika toleo la mwaka 1995. Unix, iliyoanza mwaka 1969, haikuikataza kamwe.

Hatari yake huonekana katika Kiswahili hasa, kwani majina mengi huungwa kwa -a ya uhusiano, nayo huandikwa peke yake. Mathalani, pana faili mbili: Kamusi, iliyo kazi mpya, na Kamusi ya Zamani, itakiwayo kufutwa. Mtu akiandika katika Linux amri rm Kamusi ya Zamani, mashine husoma majina matatu. Itasema kwamba “ya” na “Zamani” hazikuonekana. Walakini Kamusi, ile kazi mpya, imekwisha kufutwa, na ya zamani ingalipo.

Dawa ni kulifunga jina lote kwa alama za mtajo: "Kamusi ya Zamani". Njia hii hufaa katika Linux na katika Windows pia. Watumiaji wa Unix huweza kutanguliza mkwaju wa kinyume (\) mbele ya kila nafasi, lakini katika Windows alama hiyo hutenga folda na folda. Katika anwani za intaneti nafasi huandikwa %20, kwa kuwa 32 katika hesabu ya kumi na sita ni 20.

Basi, kwa maandishi yatakayohifadhiwa miaka mingi na kuhamishwa toka mfumo hadi mfumo, yafaa kuandika Kamusi_ya_Zamani. Jina kamili, pamoja na nafasi zake, na liwekwe ndani ya maandishi yenyewe, ambamo hakuna amri itakayolikata vipande.