Je, Wajua? Tambi Baridi za Pilipili, Kutoka Jikoni mwa Wakorea

Je, wajua kwamba tambi baridi, ambazo Wakorea huzikimbilia Julai na Agosti, zamani zilikuwa chakula cha majira ya baridi? Kitabu cha Hong Seok-mo cha mwaka 1849 kuhusu desturi za mwaka, Dongguk Sesigi, kinazitaja katika mwezi wa kumi na moja wa kalenda ya mwandamo. Memil, mbegu ya pembe tatu inayosagwa kupata unga wa tambi hizo, ilivunwa kuelekea baridi. Supu ilikuwa maji ya figili zilizochachushwa mtungini, na barafu ilikuwa nje ya mlango. Viwanda vya barafu na majokofu ndivyo vilivyozihamishia kwenye jua kali.

Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, hula za supu baridi. Hamhung, pwani ya mashariki ya nchi hiyo, hutumia tambi za wanga wa viazi, ngumu kukatika, zilizochanganywa na pilipili. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 viliwasukuma wakimbizi kusini pamoja na mapishi yao. Waliofika Busan, mji wa kusini, hawakupata memil kwa urahisi, wakashika unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani, na mji ukapata tambi zake, milmyeon, zinazoliwa mpaka leo.

Tarehe 27 Aprili 2018 viongozi wa Korea mbili walipokutana Panmunjom, mpakani, tambi za Pyongyang ziliwekwa mezani. Siku hiyo hiyo watu walipanga foleni kwenye mikahawa ya tambi baridi mjini Seoul. Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza desturi ya tambi za Pyongyang katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Na pilipili yenyewe? Ni mgeni Korea. Asili yake ni bara la Amerika, na kitabu cha Yi Su-gwang cha mwaka 1614 kinaieleza kama kitu kilichotoka Japani. Leo huwezi kulifikiria jiko la Kikorea bila hiyo.

Sasa tuingie jikoni, maana kuna aina moja ambayo mtu yeyote mwenye sufuria anaiweza: bibim-guksu, tambi nyembamba za ngano zilizokorogwa na mchuzi mzito wa pilipili. Wengi hudhani siri iko kwenye mchuzi. Mimi nasema iko kwenye maji.

Je, wajua kwamba maji ya kuchemshia tambi hizi hayatiwi chumvi? Chumvi imo tayari kwenye tambi. Kwa watu wawili chukua gramu 200 za tambi na maji mengi. Povu likipanda, mimina nusu kikombe cha maji baridi. Likipanda tena, mimina tena. Povu hushuka, na tambi huiva hadi ndani bila kulegea nje. Dakika tatu au nne zinatosha.

Kisha mwaga kwenye chujio haraka, fungulia maji baridi, usugue tambi kwa mikono miwili kama mtu anayefua leso. Usiogope, hazitakatika. Unachokiondoa ni wanga uliotoka wakati wa kuchemka: ukibaki, tambi hugandana na mchuzi hauzishiki vizuri. Sugua, mwaga, sugua tena mpaka maji yawe maangavu kabisa. Maji ya mwisho yatie barafu, baridi ikaze tambi zipate ule mkazo unaousikia kwenye meno. Halafu zikamue kwelikweli, kwa sababu kila tone linalobaki litauzimua mchuzi. Anayeruka hatua hii hata akiwa na viungo vya bei ghali atakula uji.

Mchuzi: vijiko vitatu vya gochujang (rojo la pilipili, wali, maharage ya soya na chumvi lililochachushwa), viwili vya siki, kimoja na nusu cha sukari, kimoja cha sosi ya soya, kimoja cha mafuta ya ufuta uliokaangwa, na kitunguu saumu kilichopondwa. Uache kwenye jokofu nusu saa. Onja ukiwa baridi, si kabla, kwani utamu hupungua ulimini chakula kikiwa baridi.

Kwa Waislamu: gochujang nyingi za dukani huongezewa spiriti kidogo ili zisiendelee kuchacha kwenye kopo. Soma maandishi ya kopo, au tafuta zenye alama ya halali. Zipo.

Je, wajua kwa nini pilipili "inaunguza" hata kwenye chakula cha barafu? Kemikali yake, kapsaisini, hushika kipokezi kile kile cha neva kinachoamka mwili unapoguswa na joto la nyuzi 43 hivi. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, naye akapata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021. Ubongo hudanganyika, jasho hutoka, na jasho likikauka ngozi hupoa. Maji hayaiondoi kapsaisini, kwa kuwa haiyeyuki ndani yake. Huyeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa huibandua. Ndiyo maana nusu yai la kuchemsha juu ya bakuli, kwa mafuta ya kiini chake, lina kazi yake; weka pia tango lililokatwa vijiti na kimchi (mboga zilizochachushwa) iliyoiva hadi kuwa chachu. Mikahawa ya tambi za Hamhung huleta pia kikombe cha supu ya nyama, ya moto!

Ukikosa tambi za Kikorea, tumia spageti nyembamba kabisa, ila ichemshe dakika moja kupita kawaida, kwa sababu baridi itaikaza. Hii nayo itiwe chumvi kidogo kwenye maji.

Changanya kwa mkono, ule papo hapo. Wakorea huweka mkasi mezani kwa ajili ya tambi ndefu za wanga, lakini hizi za ngano hukatwa kwa meno tu. Mchuzi ukibaki, funika, weka kwenye jokofu: kesho unafaa kwa matango matupu au samaki wa kuchoma.