Naumwa, lakini usiniulize naumwa nini

Swali nililoulizwa mara nyingi zaidi tangu nitimize miaka ishirini si "jina lako nani?" Ni "kwani waumwa na nini?" Nimeulizwa na walimu wa chuo, mwenye nyumba, makondakta, wamama wa harusini, na jamaa mmoja tuliyetoka naye mara moja tu akaniona nameza vidonge vitatu kabla hata chipsi hazijaletwa. Jibu la kweli ni kwamba sijui. Na hilo ndilo jibu ambalo hakuna anayelikubali.

Nina miaka 24. Nimezaliwa Likoni, nikapanga Changamwe, na sasa nalala Kisauni kwa mamangu mdogo. Yaani Mombasa bara nimeikohoa karibu yote. Nina mzio mkali wa vitu vya kawaida kabisa: vumbi, ukungu wa ukutani, mende, moshi unanimaliza. Halafu nina ugonjwa wa pili ambao madaktari wanakubali upo, ila bado hawajaupa jina. Leo nataka kuwaambia jinsi nilivyokuja kujua kwamba ni magonjwa mawili wala si moja, maana kujua hilo peke yake kulinichukua miaka miwili na kukanigharimu chuo.

Malaria, taifodi, malaria tena

Ilianza 2021. Nilikuwa mwaka wa kwanza, diploma ya uanahabari, chuo kimoja huko kisiwani. Nikapanga chumba Changamwe kando ya barabara ya matrela kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Ukuta mmoja ulikuwa unalia maji. Masika yakianza, unatoa madoa meusi na harufu ya uvundo. Mimi nikautundikia leso nzuri ya mamangu, nikaona nimepamba.

Usiku nilikuwa napiga chafya mpaka jirani anagonga ukuta. Macho yanavimba, kifua kinapiga mluzi. Asubuhi vidole vimekakamaa, siwezi kufunga vifungo vya blauzi. Halafu uchovu, bana. Si uchovu wa kukesha. Ni uchovu wa kukaa kitandani unaangalia kikombe cha maji kilichoko mezani na kuamua kwamba kiu inaweza kungoja.

Nikienda zahanati, natobolewa kidole, naambiwa malaria. Dawa siku tatu. Wiki mbili baadaye nimerudi, naambiwa taifodi. Mwaka ule mmoja nilitibiwa malaria mara tano na taifodi mara nne, na mara mbili katika hizo sikupimwa chochote. Muuza dawa aliniangalia tu akajua.

Sisemi malaria haipo Pwani. Ipo, na inaua. Lakini tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Na kile kipimo cha taifodi cha damu kinachopendwa mitaani, Widal, kinajulikana kwa kutoa majibu ya uongo, hasa mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu vya aina hiyo. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nashukuru kwamba angalau nimepewa jina la kuwapelekea watu.

Maana nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Shangazi aliniangalia tumbo. Wenzangu wa darasani wakasema ni uvivu wa kisomi. Nyanya yangu akasema nimeguswa, akanipeleka kwa mwalimu nikanywa kombe. Nililinywa lote. Sikupona, ila nyanya alilala kwa amani usiku ule, na mimi pia nikalala.

Muhula wa tatu nilikosa mitihani miwili. Chuo kikataka barua ya daktari inayosema naumwa nini. Daktari wa siku hiyo aliandika "homa". Homa haisamehewi mitihani miwili. Karo ya kurudia haikuwepo, na mwili wa kurudia pia haukuwepo. Nikaacha.

Daftari la nesi

Aliyenibadilishia mambo hakuwa bingwa yeyote. Ni nesi mmoja aliyechoka, saa tisa mchana, foleni imefika nje. Alisoma kadi yangu yenye malaria zote zile, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Dadangu, wewe walala wapi?"

Nikamwambia inategemea. Siku za kazi Changamwe, wikendi Likoni kwa mama, na mara nyingine Kisauni kwa mamangu mdogo. Akasema, "Basi nunua daftari. Andika tarehe, umelala wapi, na nini kimeuma. Miezi mitatu. Usiruke siku."

Nikanunua daftari la shule, lile lenye jedwali la hisabati nyuma. Kurasa zenyewe zilikuwa hivi:

"Jumanne. Changamwe. Chafya usiku kucha. Kifua kibaya. Vidole vibaya."

"Jumapili. Likoni. Usiku sawa. Saa kumi alfajiri kifua kikabana ghafla. Vidole vibaya."

"Alhamisi. Kisauni. Kifua safi. Nimelala saa nane! Vidole vibaya."

Miezi mitatu ilipoisha nikakaa na kalamu nyekundu. Wallahi nilitetemeka. Kifua kilikuwa kinafuata nyumba. Changamwe kinaharibika usiku kucha, Likoni kinaharibika alfajiri, Kisauni kwa mamangu mdogo, ghorofa ya pili, sakafu ya vigae, upepo unapita dirisha hadi dirisha, kinatulia. Lakini vidole, magoti, vidonda vya mdomoni na ule uchovu havikujali nimelala wapi. Hivyo nilikuwa navibeba mwenyewe kila niendako.

Magonjwa mawili. Moja linaishi kwenye nyumba, jingine linaishi kwangu.

Soja wa geti

Neno "aleji" lilibuniwa 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliyegundua kwamba kinga ya mwili ileile inayotulinda inaweza kutuumiza. Mimi nalielewa hivi: kinga ya mwili ni soja wa geti. Mwenye mzio ana soja mwenye hasira. Mgeni asiye na madhara, vumbi tu, anapigwa rungu kana kwamba ni jambazi. Vurugu hizo ndizo chafya, machozi na kifua kubana.

Nilichanga pesa karibu mwaka mzima nikaenda kupimwa ngozi. Wanakutia matone mkononi kwa mstari, wanachoma kidogo kila tone, mnangoja kama dakika kumi na tano. Penye mzio panavimba kama umeumwa na mbu. Kwangu palivimba kwenye ukungu, kwenye mende, na vibaya zaidi kwenye wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho. Hawa hula magamba ya ngozi yetu na hupenda godoro na mahali penye unyevu. Sasa niambie, Mombasa unyevu unaukimbilia wapi?

Kumbe ile leso ukutani nilikuwa nafunika adui.

Moshi wa mama

Changamwe nilihama. Hiyo ilikuwa rahisi. Likoni ndiko kulikokuwa kugumu.

Mamangu anapika mahamri. Saa kumi alfajiri jiko limewashwa uani, saa kumi na mbili watu wa feri wananunua wakienda kuvuka. Mahamri hayo ndiyo yaliyonivalisha sare ya shule na kulipa mihula yangu mitatu ya chuo. Na daftari lilikuwa linasema, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwamba kinachonibana kifua nikiwa kwetu ni moshi wa jiko la mama. Moshi si mzio hasa, daktari alinieleza. Ni kama kumwagia pilipili kidonda ambacho tayari kiko wazi.

Nilikaa wiki tatu bila kumwambia. Utamwambiaje mzazi kwamba kazi iliyokulea ndiyo inayokuzuia kupumua? Nilipomwambia hakukasirika. Alisema tu, "Kwa hivyo mimi ndiye nimekuumiza." Ningependa kuandika hapa kwamba nilipata jibu zuri. Sikupata. Tulikaa kimya, akaenda kukanda unga.

Swali la Owino Uhuru

Kilomita chache kutoka kile chumba changu kuna kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani. Wengi wetu tulikua tukikisikia kwenye habari. Kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido aliajiriwa huko 2009, na mtoto wake mchanga akaanza kuugua. Hospitalini walitafuta malaria, wakatafuta taifodi. Baadaye ndipo damu ya mtoto ilipopimwa madini ya risasi, yakapatikana.

Mama huyo hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akatuzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Ugonjwa wangu si ule, na sitaki kujifananisha na watu waliozika watoto. Ninachochukua pale ni swali. Mtoto anaumwa, kila mtu anatafuta malaria, na jibu liko mahali anapolala na hewa inayovuta mamake. Changamwe kuna matrela usiku na mchana. Likoni tunapika kwa makaa. Nyumba zetu nyingi zina vyumba sita na dirisha la kupitisha mkono. Halafu tunatobolewa kidole tu, bila mtu kuuliza "walala wapi?"

Ule usio na jina

Turudi kwa vidole. Huku soja wangu amevuka mpaka. Hampigi mgeni tena, anampiga mwenye nyumba. Magonjwa ya namna hii ni mengi: lupasi, baridi yabisi ya kinga na mengine. Mara nyingi huwapata wanawake, na kwa lupasi karibu wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa vijana. Dalili huja na kuondoka, na hakuna kipimo kimoja cha kumaliza ubishi. Kipimo cha damu kiitwacho ANA changu kilionyesha kitu, lakini kuna watu wazima wa afya ambao chao pia huonyesha kitu. Vingine havikuonyesha.

Daktari alinieleza bila kunizungusha: "Kuna jambo. Nikikuita mgonjwa wa lupasi leo nitakuwa nabahatisha. Wengine hubaki hivi hivi miaka, wengine baadaye hujulikana, wengine hutulia. Tutakuangalia."

Nililia kwenye tuktuk. Nilitaka jina, hata baya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuyaficha. Yenyewe ndiyo yaliyojificha.

Na dawa aliyonipa je? Hidroksiklorokwini, dawa iliyotoka kwenye ukoo wa dawa za malaria. Baada ya malaria zile zote za uongo! Nilicheka peke yangu kwenye duka la dawa. Inasaidia, polepole, na lazima nipimwe macho mara kwa mara.

Kama na wewe ni hivi

Mimi si daktari, hata diploma sikumaliza. Lakini haya nimelipia. Ukitibiwa ugonjwa uleule mara ya tatu, omba kuona karatasi ya kipimo. Kubali sindano au vidonge vya steroidi mkononi mwa daktari tu, usivinunue dukani kwa sababu rafiki vilimfaa. Huondoa dalili haraka, huficha ugonjwa, na baada ya kuvitumia muda ukiviacha ghafla unaweza kuumia vibaya. Kifua kikibana mpaka hushindwi tu kukimbia bali hata kumaliza sentensi, hiyo ni hospitali sasa hivi, si kesho. Godoro lifunike, shuka zifue kwa maji moto sana, toa vitu juani. Na ununue daftari.

Kama wewe ni rafiki au mpenzi wa mtu kama mimi, acha kuuliza anaumwa nini. Uliza leo iko vipi. Hilo tunaweza kulijibu.

Mama amehamishia jiko upande wa pili wa uwanja, upepo wa kusi usilete moshi chumbani. Haikutosha kabisa, kwa hivyo bado nalala Kisauni na Likoni naenda mchana. Jumamosi iliyopita nilifika saa nane, mahamri yamebaki manne kwenye bakuli. Alinisogezea, akaliangalia daftari langu la sita likichungulia kwenye mkoba.

"Leo umeandika nini?"

"Kifua safi, vidole vibaya kidogo."

"Basi mimi nitakurarulia mahamri," akasema, akayararua.