Ovataimu isikatwe kodi? Tupige hesabu kwanza

1/ Ahadi ya kuondoa PAYE kwenye ovataimu hupigiwa makofi haraka. Ngoja tuone inamgusa nani huku kwetu Kisii na Nyamira.

2/ Tuseme mtu yuko kiwanda cha chai, Kebirigo au Nyamache. Mshahara wake unaotozwa kodi ni 24,000. Kodi ni 10%, yaani 2,400. Nafuu ya kodi nayo ni 2,400. Halipi PAYE hata bob.

3/ Majani yakiwa mengi anakesha kiwandani, anaongeza 4,000. Hiyo inaingia ngazi ya 25%: elfu moja imeenda. Ndiyo maana watu wanalalamika.

4/ Si wazo geni. Mwaka 2016 sheria ilisamehe ovataimu na bonasi za walio ngazi ya chini kabisa ya kodi. Msamaha ukafutwa 2020 wakati wa korona, nafuu ya wote ikapandishwa hadi hiyo 2,400.

5/ Shida iko wapi? Ukisamehe kila mtu, mwajiri mjanja ataandika mshahara mdogo, ovataimu kubwa. Na mchuma chai wa kulipwa kwa kilo, au mtu wa boda Keroka, hapati chochote. Hana ovataimu.

6/ Mimi naunga mkono msamaha wa wenye mshahara mdogo, wenye kikomo. Anayeomba kura yako muulize: ni kwa nani, mwisho shilingi ngapi, na pengo litazibwa na kodi gani?