Sabufa Iliyokata Kauli

Je, wajua kwamba sabufa iliyokata kauli ghafla, taa yake isiwake wala remoti yake isiitikiwe, aghalabu haina ila yoyote katika spika, ambazo ndizo mwenyewe hukimbilia kuzishuku? Spika si chombo chepesi cha kufa: ni karatasi, sumaku na koili ya waya mwembamba, kwa umbo lilelile walilolibainisha Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg mwaka 1925; nawe ukitaka kuihakiki, zichomoe nyaya zake, uziguse kwa nukta moja kwenye betri ya tochi ya volti 1.5, na ikitoa mlio wa "tak" huku karatasi ikicheza, basi iache na salama yake.

Mtu wa Kintinku, wilayani Manyoni, njia ya kuusaka ugonjwa wenyewe imelazwa mlangoni pake tangu Wajerumani walipoitandaza reli ya kati, waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Maana treni itokayo Dodoma isipofika Makutupora, mwenye akili haendi kuitafuta Manyoni, bali huuliza Bahi, kisha Kintinku, hata aijue stesheni ya mwisho iliyoonekana. Umeme nao huulizwa hivyo hivyo. Anza na soketi ya ukutani kwa kuchomeka chaja ya simu, kisha waya, hasa shingoni karibu na plagi, unapokunjwa kila siku, kisha swichi, kisha fyuzi.

Fyuzi ya kioo husema mengi ikiinuliwa kwenye mwanga. Ikiwa uzi wake umekatika na kioo kingali safi, yamkini ni uchovu wa miaka au mzigo uliozidi kidogo; walakini kioo kilichopakwa weusi hutangaza shoti kali, na kutia fyuzi nyingine kabla ya kuitafuta shoti hiyo ni kuichoma na ya pili. Ama wale wanaoizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, hao hawatengenezi redio, wanaualika moto ndani ya nyumba.

Fyuzi ikiwa nzima, pima transfoma kwa tesita, kifaa kikiwa kimechomolewa: nyingi zina fyuzi ya pili, ya joto, iliyofichwa chini ya utepe, ambayo ikikatika hufanya transfoma nzima ionekane maiti. Kazi ya transfoma ni kuishusha volti 230 iwe kumi na kitu. Daiodi nne huuelekeza upande mmoja umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kila nukta. Na kapasita, kile kimtungi cheusi kilichosimama kwenye bodi, huyajaza mabonde yaliyobaki. Ndani yake mna ukanda wa alumini uliokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa dawa, nayo dawa hiyo hukaushwa na joto, hata mafundi wakaweka kanuni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Basi fikiri hali ya sabufa ya Kintinku, chini kwenye Bonde la Ufa, vumbi limeziba matundu yake, na juu yake, kwa heshima, imetandikwa kitambaa cha kufuma! Kapasita iliyochoka huvimba kichwa, palipochongwa alama ya msalaba makusudi ili ipasuke kwa adabu, na kabla ya kufa huisindikiza miziki yote kwa mngurumo mzito usiokoma. Tahadhari: katika sabufa za kisasa zisizo na transfoma kubwa, kapasita hiyo huweza kushika volti 325 hata baada ya plagi kuchomolewa, nayo haimwonei mtu huruma.

Ikiwa taa inawaka lakini sauti hakuna, yawezekana aisii ya kukuza sauti, kama ile TDA2030, imejizima yenyewe kwa joto na itafufuka ikipoa. Lakini kabla ya kushika bisibisi, tazama kioo cha mbele: mara nyingi mtoto amebonyeza remoti, na sabufa inangoja wimbo kutoka kwenye flashi ilhali waya wa televisheni umechomekwa AUX.